Morris ya babu, rangi ya mjukuu

Kijana mmoja wa Wete ameachiwa Morris Minor na babu yake. Gari imekaa chini ya banda la makuti miaka na miaka, injini inawaka ukiibembeleza, na bodi yake ya kijivu imechujuka hadi kufanana na majivu. Kijana anataka kuipiga rangi ya samawati. Ami yake hataki hata kusikia. "Gari ya marehemu ni ya kijivu," anasema. "Ukiigeuza, si yake tena." Kijana anamjibu kwa adabu lakini hatetereki: "Ami, babu kanipa gari, hakunipa rangi." Mzozo umefika barazani, na kila anayekaa pale ana upande wake. Nimeombwa rai yangu. Nimeona bora niiandike, kwa sababu gari za namna hii hazijabaki nyingi Unguja na Pemba, na kila moja inayopigwa rangi hovyo ni hasara kwetu sote.

Nianze na upande wa ami, maana wengi wanaupuuza wakidhani ni ukaidi wa wazee. Si ukaidi. Rangi ya gari ni ushahidi wa zama zake. Ford Model T ilipotoka 1908 ilikuwa na rangi kadhaa, halafu kuanzia 1914 hadi 1925 ikawa nyeusi tu, kwa kuwa nyeusi ile ilikuwa rahisi na ikidumu. Land Rover za mwanzo, za 1948, zilikuwa za kijani kwa sababu Uingereza ilikuwa na rangi ya ndege za kivita iliyobaki baada ya vita, na bodi zake zilikuwa za aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgao. Ukiikuta Land Rover ya miaka ile ukaipulizia nyeusi ya kung'ara, umefuta ukurasa mzima wa habari zake, na atakayekuja baada yako hatajua kwamba ukurasa huo uliwahi kuwapo.

Morris yenyewe inatoa mfano mzuri zaidi. Ilizinduliwa London mwaka 1948, kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na hadi uzalishaji unamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 1.6. Ilipofika gari ya milioni moja, kiwanda kiliadhimisha kwa kutoa Morris 350 za rangi ya urujuani, zenye viti vyeupe. Mwenye kuipata moja kati ya hizo akaipaka nyeupe kwa ajili ya harusi, atakuwa ameiondolea kitu kikubwa kinachoitofautisha na wenzake milioni moja na nusu. Hapo sina mizani ya kupima: rangi ile isiguswe, na ikiwa imeshabadilishwa, irudishwe.

Wanaohifadhi gari za zamani duniani nao wako karibu na ami. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, nao umefuata nyayo za Mkataba wa Venice wa 1964 unaohusu majengo ya kale. Fikra ni moja: kuhifadhi kutangulie kutengeneza, na kutengeneza kuguse kidogo iwezekanavyo. Sisi Wazanzibari fikra hiyo si ngeni. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu hawezi kuamka asubuhi akabadilisha sura ya nyumba yake ya Mkunazini bila ruhusa ya Mamlaka inayousimamia mji huo. Gari haina mamlaka ya kuilinda. Inalindwa na mwenyewe tu, na mwenyewe akikosea hakuna wa kumzuia.

Sasa upande wa kijana, nao una uzito ambao ami hajautazama sawasawa.

Kwanza, hiyo rangi ya asili inayopiganiwa iko wapi? Niliwahi kumtazama fundi akipiga msasa wa maji kwenye digadi la Morris nyengine, taratibu, kwa kuzungusha mkono. Chini ya nyeupe ilitokea buluu. Chini ya buluu ikatokea rangi ya maziwa, nzito, yenye michirizi ya brashi, rangi ya nyumba bila shaka, iliyopakwa wakati ambapo rangi ya gari haikupatikana au haikununulika. Chini yake ndiyo ikaja chanikiwiti hafifu, halafu praima, halafu bati. Duara ndogo ilikuwa na tabaka hizo zote, kila moja imemzunguka mwenziwe. Gari iliyoishi visiwani tangu miaka ya 1950 au 1960, ikala chumvi ya bahari na jua la mchana kutwa, ni nadra kubaki na koti lake la kwanza upande wa nje. Kwa hiyo mara nyingi tunapobishana juu ya rangi ya asili tunabishana juu ya rangi ya tatu na ya nne. Ami anaikumbuka gari ikiwa ya kijivu kwa sababu ilikuwa ya kijivu yeye alipokuwa mdogo. Huenda kijivu hicho kimetoka kiwandani, na huenda kilipakwa Wete.

Pili, gari hii si ya kuwekwa makumbusho. Kijana anataka kuiendesha, kuipeleka Chake Chake Ijumaa, kumpakia bibi yake. Zama zile gari hazikuwa na kiyoyozi, na rangi ya juu ina athari kwa walio ndani. Maabara ya Lawrence Berkeley ya California ilipima gari mbili za aina moja juani, nyeusi na ya fedha, na hewa ndani ya ile ya fedha ilikuwa na nafuu ya nyuzi 5 hadi 6 za selsiasi. Kwa mtu wa Pemba anayeendesha mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia, nyuzi hizo si hoja ndogo.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, gari inayopendwa hutunzwa. Ami ameilinda rangi, lakini hakulinda gari. Imekaa bandani, maji ya masika yameingia kupitia mipira ya vioo iliyokauka, na kutu imeanza kula chini ya milango. Anayekuja na hamu ya kuifufua asikatishwe tamaa kwa ajili ya rangi peke yake.

Hata hivyo, kijana anadhani kubadilisha rangi ni sawa na kuipaka upya rangi ileile. Si sawa hata kidogo, na hapa ndipo gari nyingi zinapoharibiwa.

Ukiirudishia gari rangi yake, fundi anaweza kufanya nje tu, na ndani ya milango, chini ya boneti na ndani ya buti pakabaki palivyo bila kukera jicho. Ukibadilisha, kila pahali penye rangi panadai. Fungua mlango, kingo zake ni za kijivu. Fungua boneti, ukuta unaotenganisha injini na dashibodi ni wa kijivu. Katika Morris hata dashibodi yenyewe ni bati lenye rangi. Ili kazi iwe kazi, injini itolewe, vioo vitolewe, mipira yote itolewe, bawaba zifunguliwe, na viti na waya vitoke njiani. Mipira ya zamani ikitolewa huwa haivaliki tena, kwa hiyo mipya iagizwe Uingereza, ambako vipuri vya Morris bado vinatengenezwa, na ilipiwe usafiri na ushuru. Mwenye gari anapambiwa bei ya nje tu, anakubali, na mwisho wake ni gari ya samawati yenye mapaja ya kijivu, na vumbi la samawati kwenye mipira, taa na nikeli. Hiyo ndiyo sura ya nusu ya gari za zamani zilizobadilishwa rangi ninazoziona mjini Unguja. Afadhali kijivu kilichochujuka.

Lipo na jambo la hatari zaidi. Morris Minor haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikila pale zinaposhikiliwa springi za nyuma, gari inaweza kung'ara nje na huku inakatika chini. Fundi mwenye haraka hujaza fila, ule udongo wa kuzibia mashimo, juu ya kutu, akapiga msasa, akapulizia, na kwa miezi michache kila mtu anafurahi. Ni kama kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe: unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaliwa kimyakimya nyuma ya uso mzuri. Rangi mpya ni kishawishi kikubwa cha kufanya hivyo, kwa sababu mwenye gari analipia anachokiona.

Na fundi mwenyewe ana mapafu. Rangi za zamani, hasa za manjano, nyekundu na kijani, nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Zikisagwa kwa msasa mkavu uani, vumbi linaangukia watoto wanaocheza. Msasa uwe wa maji, na maji yake yasimwagwe kisimani wala bustanini. Rangi za siku hizi za kuchanganya na hadina, dawa ya kuzigandisha, zina kemikali za isosianati zinazoweza kumletea mpuliziaji pumu ya maisha. Kitambaa cha kanga kilichofungwa puani hakizuii chochote. Anayetaka rangi ya kisasa ahakikishe fundi ana barakoa yenye vichujio vya kweli, na hiyo iingie katika bei.

Wako wanaosema kuna njia ya kati, kubandika stika gari nzima, ukichoka unaibandua. Kwa gari mpya sawa. Kwa madigadi ya Morris yenye mizingo mingi, juu ya rangi iliyochoka, gundi itaondoka na rangi yenyewe.

Nitenge pia kitu ambacho watu hukichanganya na kubadilisha rangi. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Ni fahari yetu pia. Lakini kuichukua 404 ya familia, ukaichora namba za mashindano na mistari, ni kuivisha wasifu wa gari nyengine. Rangi ya samawati haidai kwamba gari iliwahi kushindana, namba zinadai.

Kabla ya kufika kwenye rangi, lakini, iko mas-ala ambayo barazani imepitwa. Ami ni mtoto wa marehemu, yu hai, kwa hiyo kwa sheria ya Kiislamu mjukuu hana fungu katika mirathi. Kama babu alimkabidhi gari na funguo akiwa hai, hiyo ni hiba, zawadi ya aliye hai, na gari ni ya kijana. Kama aliacha wasia, uwe ndani ya theluthi ya mali yake. Kama ni maneno tu ya "hii atachukua mjukuu wangu" na gari haikukabidhiwa wala wasia haukuthibiti, basi bado ni ya warithi, na ami ana haki ya kukataa hata kuguswa kwa tairi. Hilo liamuliwe mbele ya mtu mwenye elimu kabla kopo la thina halijafunguliwa, na kadi ya gari iandikwe jina linalostahiki. Rangi nayo imo katika kadi. Ikibadilishwa, kadi ibadilishwe, kwani askari wa barabarani akiona kadi ya kijivu na gari ya samawati ana haki ya kuuliza.

Ikithibiti kuwa gari ni ya kijana, rai yangu inaelemea upande wake, kwa masharti. Achukue namba ya chesisi aiandikie makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon, ambayo kwa malipo hutoa cheti kutoka madaftari ya kiwanda kikionesha gari ilitoka lini, na rangi gani, na ilipelekwa wapi. Cheti kikisema kijivu, na kijivu kikaonekana bado kizima chini ya mazulia na nyuma ya dashibodi, kijana aipige kijivu hichohicho, kipya, kama kilivyokuwa siku kilipotoka. Huenda hajawahi kukiona, anakijua kilichokufa tu. Cheti kikisema rangi nyengine, hoja ya ami imekwisha, na kijana achague kati ya rangi ambazo Morris ya mwaka huo ilitoka nazo. Samawati iliyofifia kidogo imo katika historia ya Morris Minor, kwa hiyo hatakosa cha kumridhisha.

Vyovyote itakavyokuwa, sehemu ya chini ya kiti cha nyuma isipulizwe. Ibaki na tabaka zake, ili atakayetaka kujua apate pa kuangalia. Pesa za mwanzo ziende kwenye kutu na springi, kwa bati jipya la kuchomelea na si kwa fila. Na kazi isianze masika, maana hewa ikiwa na unyevu rangi za thina huota ukungu mweupe. Angoje mvua zipite, na kusi ikianza kuvuma atafute banda lililozibwa, vumbi lisiingie. Fundi akisema ataimaliza kwa wiki moja, atafutwe mwengine.