Video ya Kupamba Ichomwe kwenye Diski Gani?

Juzi mama mmoja wa Kibokoni aliniletea VCD, yaani video iliyochomwa kwenye CD, ya harusi ya bintiye, ya mwaka 2006. "Mwanangu, hebu itie, huenda ikasoma." Nikaiinua dirishani. Mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo vidogo kama chujio la chai, na pembeni ile rangi ya fedha ilikuwa imebanduka pamoja na stika ya maua niliyoibandika kwa mkono wangu. Haikusoma.

Mimi hupiga video za kina mama. Usiku wa kupamba, ile sherehe ya harusi ya kina mama peke yao, wanawake wamevua mabuibui, wamejiachia, wanacheza. Video hiyo haipandishwi intaneti, na ni haki yao. Familia hutaka nakala mbili tatu zifungiwe kabatini, basi. Flashi sizipendi kwa kazi hii: ikizagaa nyumbani, kijana ataifuta ajaze nyimbo.

Kila mara naulizwa dukani: minasi au plasi? DVD-R, ndiyo minasi, ilitolewa na Pioneer mwaka 1997; DVD+R, ndiyo plasi, ikafuata 2002 kutoka kundi la akina Philips na Sony. Zote hubeba gigabaiti 4.7, na mashine za kuchomea za siku hizi hukubali zote mbili. Mimi nachukua DVD-R kwa sababu moja tu: deki kuukuu, ile iliyo sebuleni kwa bibi, mara nyingi huielewa minasi upesi zaidi. Plasi nayo si mbaya. Ukiwa na programu na mashine inayofaa unaweza kuipa alama ya DVD ya kiwandani, na deki nyingi zilizoikataa zikaikubali. Hapo sigombani na mtu.

Ninapogombana ni kwenye CD. Watu hudhani upande wa chini, ule unaong'aa, ndio wa kulindwa. Kumbe kwenye CD data iko juu, chini tu ya stika, imefunikwa na vanishi nyembamba. Kwa joto letu na unyevu wa bahari, vanishi ikipata mwanya tu, fedha ile huanza kuliwa. DVD ni tofauti: ni plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, na data imelala katikati. Nayo huharibika, maana kinachochomwa ni rangi na rangi hupauka kwa jua, lakini mkwaruzo wa juu hauifikii kirahisi. Kwa hiyo CD kwa harusi nimeacha kabisa. Stika pia nimeacha. Naandika kwa kalamu ya wino wa maji, kwenye kile kiduara cha katikati. Diski iliyoandikwa RW usiniletee: diski inayofutika si ya kuhifadhia harusi.

Anayetaka kuwaachia wajukuu namshauri nakala moja iwe kwenye diski iitwayo M-DISC. Hiyo haina rangi. Leza huchimba kwenye tabaka gumu la madini, na ikiwa ya DVD, deki ya kawaida huisoma. Bei inauma, na mashine ya kuichomea lazima iwe ya aina yake. Diski ya Blu-ray ina nafasi, gigabaiti 25, lakini wateja wangu karibu wote hawana deki yake, na Sony ilisimamisha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Mnaozihitaji, nunueni mapema.

Yule mama nilimuuliza kama kuna nakala nyingine popote. Akakumbuka jamaa zake wa Maskati walipelekewa DVD mwaka ule ule. Jana usiku amenipigia, sauti inatetemeka: wameitia, inasoma, na marehemu dadake anaonekana akipiga vigelegele mlangoni. Binamu anakuja nayo mwezi ujao. DVD-R mbili nimeshaziweka kando, na M-DISC moja juu yangu.