Poti usiyoitumia ifunge, usiifiche

Wiki iliyopita niliketi mbele ya kompyuta yangu ya nyumbani, inayotumia Linux, nikaandika amri moja tu ya kuorodhesha poti zilizo wazi, sudo ss -tulpn, kisha nikabaki nikiyatazama majibu. Kompyuta hii si seva, haimhudumii mtu yeyote ila mimi. Hata hivyo ilinionyesha mistari kumi na mmoja, kila mmoja ukiwa ni programu iliyokaa mlangoni ikisubiri hodi. Minne tu ndiyo niliyoweza kuieleza.

Mmoja ulinichoma zaidi: poti 445, inayotumika kushirikisha folda mtandaoni. Miaka mingi nyuma nilishirikisha folda ili nihamishe picha kwenda kompyuta nyingine. Kazi ya dakika kumi. Picha zilihama, folda ikabaki wazi bila nenosiri, na baadaye nikaitumia kuhifadhi nakala za vitambulisho vya familia. Muda wote huo, yeyote aliyeungwa kwenye mtandao wangu angeweza kuifungua.

Poti yenyewe ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, inayouambia mfumo endeshi kwamba data iliyofika ni ya programu ipi. Haifunguki yenyewe. Iko wazi kwa kuwa kuna programu inayoisikiliza, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Ukiwaambia poti iko wazi, hukimbilia faiwoli. Faiwoli ni askari wa getini, na mimi pia ninaye, simfukuzi. Lakini siku utakapoizima faiwoli ili mchezo fulani uunganishwe, au programu mpya itakapojiandikia ruhusa wakati wa kusakinishwa, ile huduma ya zamani bado iko macho ndani ya nyumba. Ukiizima huduma yenyewe, hata askari akilala hakuna wa kumwitikia mgeni.

Wengine hujitetea kwamba wako nyuma ya ruta. Ni kweli, ruta ya nyumbani kwa kawaida haimpitishi mgeni ambaye hakuna aliyemwita kutoka ndani. Lakini ruta nyingi zina UPnP, inayoiruhusu programu yoyote ya ndani kuomba ifunguliwe poti bila wewe kuulizwa. Isitoshe, adui si lazima atoke nje. Kamera iliyodukuliwa au simu ya mgeni uliyempa nenosiri la Wi-Fi tayari imeshapita getini. Kompyuta mpakato nayo huhama na huduma zake hadi kwenye mitandao ambayo ruta yako haipo.

Mei 2017 WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita kwenye poti hiyohiyo 445, ikirukia kompyuta moja baada ya nyingine pasipo mtu kubofya chochote. Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho tangu Machi. Waliosasisha walikingwa dhidi ya njia ile, na waliokuwa wameizima huduma isiyo na kazi kwao hawakuwa na mlango wa kugongwa. Nawasihi watu wasasishe programu zao, lakini sasisho huziba tundu lililokwisha kujulikana.

Ukiitazama orodha yako, usianze na namba ya poti. Anza na anwani iliyo kushoto kwake. Ikiwa ni 127.0.0.1, programu inaongea na kompyuta yako tu, na haraka ya kuifunga ni ndogo. Ikiwa ni 0.0.0.0 au [::], inasikiliza kila upande kompyuta ilikounganishwa. Hapo ndipo nilipoikuta cups-browsed, kwenye poti 631 ya UDP, ikitafuta printa mtandaoni. Mimi sina printa! Na Septemba 2024 ilitangazwa kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuitumia huduma hiyohiyo kupandikiza printa bandia, kisha mwenye kompyuta akichapisha kitu, amri za mvamizi zikaendeshwa. Niliandika sudo systemctl disable --now cups-browsed, nikaiangalia orodha tena, mstari ukawa haupo. Hata kuwasha upya kompyuta hakukuhitajika.

Kwenye Windows amri ni netstat -ano. Chukua namba iliyo mwisho wa mstari wenye neno LISTENING, itafute kwenye Task Manager, utaijua programu yenyewe. Huko lazima nikubali kwamba ushauri wangu una mpaka: poti 135 inashikwa na huduma ambayo mfumo wenyewe unaitegemea, usijaribu kuizima. Hiyo mwachie faiwoli. Na usizime kitu kabla hujajua ni cha nini, maana utajikatia mawasiliano kisha ukate tamaa na kazi nzima.

Mimi nilikwenda mstari mmoja mmoja. Hifadhidata niliyoisakinisha kwa ajili ya somo nililolimaliza zamani niliiondoa kabisa. Ile folda niliifunga, na zile nakala nikazihamishia kwenye diski iliyosimbwa. SSH, huduma ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, iliyo kwenye poti 22, nimeiacha, kwa kuwa huwa naingia kutoka kompyuta mpakato, ila sasa haikubali nenosiri, inakubali funguo za kidijitali tu. Mistari iliyobaki ni minne: miwili ya SSH, na miwili ya poti 53 inayotafuta majina ya tovuti, ambayo haisikilizi nje ya kompyuta yenyewe. Nimeihifadhi orodha hiyo kwenye faili, na kila nikisakinisha programu mpya ninairudia amri ile na kulinganisha.