Madhara ya nadra katika kusafisha damu: kipi kikaguliwe, kipi kiachwe

Kwenye chumba cha kusafisha kwa mashine damu ya watu ambao figo zao zimeshindwa, maadui wa kila siku wanajulikana: presha inayoshuka kipindi kikiwa katika saa yake ya tatu, misuli inayokaza, katheta (mrija unaoachwa ndani ya mshipa) iliyoingiwa na maambukizi. Orodha ya mambo ya nadra ni nyingine kabisa. Chembe nyekundu za damu kupasuka ndani ya mipira inayopeleka damu kwenye mashine na kuirudisha, hewa kuingia kwenye mshipa, sindano kuchomoka, mzio mkali wa kichujio kinachosafisha damu, ubongo kuvimba baada ya kipindi cha kwanza. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na hata moja. Ndiyo maana bajeti ikibanwa swali hurudi: muuguzi mmoja ana wagonjwa wanne au watano, kuna haja gani dakika zake ziliwe na jambo lisilotokea?

Swali hilo si la kupuuzwa. Maambukizi ya katheta na maradhi ya moyo yanaua wagonjwa wengi zaidi kuliko hewa kwenye mipira. Fomu ndefu hujazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu, kwa kalamu moja na namba zinazofanana kama mapacha. Kengele inayolia ovyo hunyamazishwa kabla haijasikilizwa. Anayedai ukaguzi wa kila kitu mara nyingi huishia kupata tiki tu.

Lakini neno "nadra" limebeba mambo mawili tofauti. Yapo yaliyo nadra kwa asili yake, kama mzio wa kichujio. Yapo pia yaliyo nadra kwa sababu kuna mtu anayeyazuia kila alfajiri. Mtu huyo akiondolewa, unadra unaondoka naye.

Maji ndiyo mfano ulio wazi. Mashine ikipitisha mililita 500 za maji ya dawa (maji yenye chumvi yanayopokea uchafu wa damu) kwa dakika, kwa saa nne mgonjwa amepitiwa na lita 120, na kati ya maji hayo na damu yake kuna utando mwembamba tu. Kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji huitumia kuua vijidudu, hupenya utando huo na kuharibu chembe nyekundu mpaka zinapasuka. Mtambo wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji kwenye utando ili kuyasafisha, hauizuii vya kutosha. Kinachoizuia ni mkaa: matangi mawili yaliyofuatana, yenye ukubwa wa kuwezesha maji kukaa ndani ya mkaa jumla ya takriban dakika 10. Sampuli huchukuliwa kati ya tangi la kwanza na la pili, kabla ya kila zamu, mtambo ukiwa umeshatembea kama robo saa. Klorini yote (iliyo huru pamoja na iliyo ndani ya kloramini) ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, tangi la kwanza limechoka. Hapo pima baada ya tangi la pili, na usiunganishe mgonjwa mpaka hapo pawe safi. Anayepima baada ya la pili peke yake hupata habari mbaya akiwa hana tena akiba.

Kwetu kuna mtego wa ziada. Kituo kinachotegemea kisima kisichotiwa klorini husoma sifuri mwezi mzima, na kipimo kinaanza kuonekana kama ibada tu. Siku pampu ya kisima inapoharibika, linaitwa boza, na aliyejaza boza hilo ametia klorini kwa makadirio. Siku hiyo ndiyo kipimo kinahitajika, na ndiyo siku ambayo kila mtu ana haraka. Na boza halileti klorini tu. Mwaka 1996, mjini Caruaru nchini Brazili, kituo kilipelekewa kwa malori maji ya bwawa ambayo hayakutibiwa vya kutosha, yakiwa na sumu ya mwani. Wagonjwa zaidi ya 100 waliugua, na zaidi ya 50 walikufa kwa kuharibika ini.

Sindano ya kurudisha damu ni hadithi tofauti, kwa sababu hapa mashine yenyewe inatoa matumaini ya uongo. Presha inayosomwa kwenye mpira wa kurudi hutokana kwa sehemu kubwa na wembamba wa sindano. Sindano ikichomoka na kulala shukani, wembamba ule bado upo. Presha inaweza kushuka kwa milimita 20 hadi 40 tu za zebaki, na kengele ikakaa kimya. Kwa mwendo wa mililita 300 kwa dakika, lita mbili zinamwagika ndani ya dakika saba. Kinga yake haina gharama: plasta ipite chini ya sindano na kukatizwa juu yake, mpira uachiwe mzingo kidogo na usifungwe kwenye kiti, na mkono wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano) usifunikwe kanga wala blanketi hata kama chumba ni baridi. Vihisi vya unyevu ni vizuri, lakini ningeviweka kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa au asiyetulia, si kwa kila kiti.

Kuna jambo la mikono ambalo mijadala ya bajeti hailigusi. Mgonjwa akizidiwa ghafla, mazoea humtuma muuguzi kurudisha damu haraka. Mililita 200 hivi zilizo kwenye mipira ni mali kwa mtu mwenye upungufu wa damu. Kwa presha iliyoshuka, hilo mara nyingi ni sawa. Kwa chembe zilizopasuka, pale damu kwenye mpira inapogeuka rangi ya divai inayopitisha mwanga, ni kumrudishia moyoni potasiamu iliyotoka kwenye chembe hizo, ambayo inaweza kuusimamisha. Kwa mzio mkali wa dakika za mwanzo, ni kumwongezea kilekile kinachomdhuru. Kwa hewa, ni kuisukuma ndani. Katika yote matatu: simamisha pampu, bana mipira, damu ibaki nje. Zoezi la dakika kumi kila mwezi linatosha kuufundisha mkono.

Penye mabishano ya haki ni kipindi cha kwanza. Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, yurea (taka ambayo figo zilipaswa kuitoa kwenye damu) ikiwa juu sana. Ikishushwa kwa kasi, maji huhamia kwenye ubongo, na kichwa kinachouma kinaweza kuishia na degedege. Kwa hiyo tunaanza polepole: saa mbili, damu mililita 150 hadi 200 kwa dakika, kichujio kidogo, yurea isishuke zaidi ya asilimia 30 au 40. Wanaopinga wana hoja: mapafu yamejaa maji ambayo saa mbili hazitoshi kuyatoa, na familia inalipia vipindi vifupi vitatu kwa bei ya virefu. Hoja ya mapafu inajibika, kwani kutoa maji peke yake bila kusafisha hakushushi kiwango cha yurea, na kunaweza kufanywa kwanza. Hoja ya pesa haijibiki kitandani. Hiyo ni ya anayepanga bei kwa kipindi badala ya kwa saa.

Cha kuacha kipo pia. Kunakili kila nusu saa namba za joto na upitishaji umeme (kipimo cha chumvi) wa maji ya dawa zinazoonekana kwenye kioo cha mashine si ukaguzi. Mashine inajisoma yenyewe na wewe unaandika imla. Pima maji ya dawa mara moja kwa kifaa kingine kabla ya kumuunganisha mgonjwa, halafu nusu saa zile zitumike kuangalia mkono wenye sindano.