Makaa ya Lamu yalikwama kwenye karatasi

Kuna wanaodhani makaa ya mawe yalishindwa Lamu, pwani ya Kenya, kwa sababu ya mikutano mikubwa ya tabianchi, ile ya marais na misafara ya magari. Sivyo. Mtambo ule wa umeme wa makaa, wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi huko Lamu ulikwama kwa jambo ambalo mtu karibu aone haya kulisimulia: wenyeji hawakuulizwa inavyotakiwa.

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, shirika la wenyeji, na wenzao wakaenda mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, linalosikiliza malalamiko juu ya leseni kama hizo, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja na bado nastaajabu ilivyo kavu. Haina machozi wala mahubiri. Inauliza tu mikutano na wananchi ilifanyika lini, na ripoti ya athari kwa mazingira ilikamilika lini. Kumbe watu waliitwa kabla ya utafiti kwisha, na ulipokwisha hawakurudiwa ipasavyo. Sasa mvuvi atasema nini juu ya maji moto yatakayomwagwa baharini, ikiwa hakuna aliyemwambia yatafika wapi?

Kanuni zenyewe za tathmini ya mazingira hazina utata. Tangu 2003 zinataka mabango, tangazo gazetini, tangazo redioni kwa lugha ya wenyeji pia, na mikutano isiyopungua mitatu. Lakini sote tunaijua mikutano yetu: hema, viti vya plastiki, soda, na daftari la kutia sahihi ambalo baadaye hugeuka ushahidi kwamba "wananchi walikubali". Jopo lilikataa kuihesabu mikutano ile ya awali kuwa kuwashirikisha wananchi. Likaongeza kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 nayo haikuzingatiwa.

Lakini halikusema makaa ni haramu. Kampuni yenye mradi iliachiwa mlango wa kufanya tathmini upya. Ikakata rufaa badala yake, na mahakama ya Malindi ikaitupa Oktoba 2025. Kufikia hapo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa imeshajitoa, na ICBC, ile benki kubwa ya China, pia. Hiyo ndiyo kazi ambayo wengi hawaioni: sheria ilichelewesha, na katika kuchelewa huko wenye fedha wakapata muda wa kufikiri. Kwetu sisi walipaji bili ilikuwa bahati. Mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchi nzima hayakufika megawati 2,000, na mkataba ulikuwa wa miaka 25, wa kulipia mtambo hata kama umeme wake hautumiki.

Sasa wapo marafiki zangu wa nishati safi, watu ninaowaheshimu, wanaosema utaratibu huu umekuwa mzigo. Kwamba jotoardhi na upepo vifunguliwe njia, maana dunia haina muda. Nawaelewa. Faili likikaa mezani miaka mitatu, jenereta za dizeli nazo zinanguruma miaka mitatu. Pale penye urasimu mtupu, mihuri saba ya ofisi saba, ipunguzwe, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Ila mkigusa lile sharti la kuuliza watu, hapo tunaachana. Makaa hayakuzuiliwa Lamu kwa sababu ni machafu. Yalizuiliwa kwa sababu mwenye mradi alidhani anaweza kupita bila kubisha hodi, na upepo nao unaweza kudhani hivyo hivyo.

Tena umeshawahi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit ni mkubwa na wa kujivunia, megawati 310. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ekari 150,000 za mradi huo zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikawapa wahusika mwaka mmoja wa kurekebisha. Kosa ni lile lile la Kwasasi, wenyewe kutoshirikishwa: hapa ardhi ya jamii ilitolewa bila kuwauliza. Tofauti ni kwamba Lamu leseni ilifutwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na Marsabit hukumu ilipotoka mitambo 365 ilikuwa inazunguka tayari.