Buku na muhogo wetu

Jamani, huyu panya buku ananitia hasira! Muhogo ukianza tu kutia mizizi minene, huku kwetu Donge, Unguja, kila asubuhi konde lina tundu jipya. Na haishii kula palepale akashiba akaondoka: anajaza mashavu, maana ana mifuko mle mdomoni, anakwenda kuweka akiba shimoni. Juu shina limesimama, majani kijani. Ling'oe uone, chini hamna kitu. Ukiziba tundu anatokea upande wa pili, na mchana humuoni kabisa. Kule Morogoro wenzake wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, kazi ya maana wallahi. Huku kwetu anatumalizia futari. Mkulima mzima, Ramadhani inaingia, ananunua muhogo sokoni! Hii haki kweli?