Tuwataje wauaji au tuwafukie? Marekani ya miaka ya 1970

Mtajie mpenzi wa simulizi za uhalifu jina la Ted Bundy, atakumalizia habari yake mwenyewe. Mtajie Juan Corona, atakuuliza ni nani huyo. Corona alikamatwa California Mei 1971, na jumla ya maiti 25 zilifukuliwa kwenye mashamba ya matunda karibu na Yuba City. Bundy alikiri kuua watu 30 kabla ya kuuawa kwa kiti cha umeme Januari 1989. Idadi hazijapishana sana, waliopishana ni waliouawa. Wa Bundy wengi walikuwa wasichana, baadhi yao wanafunzi wa vyuo, na kesi yake ya Miami mwaka 1979 ilirushwa kwenye televisheni. Wa Corona walikuwa vibarua wa msimu, na wengine hadi leo hawajulikani hata majina.

Kwa kuona umaarufu ndio baadhi ya wauaji wanaoutafuta, wapo wanaotaka wauaji wa mfululizo wasitajwe kabisa. Hoja yao ina uzito, na ushahidi wake mkubwa ni Dennis Rader wa Wichita, Kansas, aliyeua watu 10 kuanzia 1974. Mwaka 1978 aliiandikia barua televisheni ya mji huo akilalamika: aue wangapi ndipo atangazwe? Hata jina la BTK, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "funga, tesa, ua", alijipachika mwenyewe. Mtu wa aina hiyo ukimpa ukurasa wa mbele, umempa alichokitaka.

Lakini Rader huyohuyo ndiye anayeitia doa hoja hiyo. Alinyamaza miaka mingi, polisi wakakwama. Mapema 2004 gazeti la mji likaandika juu ya miaka 30 tangu mauaji ya kwanza, naye akashindwa kujizuia, akaanza tena kutuma barua. Akawauliza polisi kama disketi ya kompyuta inaweza kumfichua, wakamjibu kwa tangazo gazetini kwamba hakuna shida. Akaituma. Ndani yake mlikuwa na faili lililofutwa, lenye jina la kanisa lake na neno "Dennis". Alikamatwa Februari 2005. Sifa aliyoitafuta ndiyo iliyomponza.

Kwa maoni yangu, ukimya umeua wengi kuliko kelele. Huko Houston, kati ya 1970 na 1973, Dean Corll na vijana wawili waliomsaidia waliwaua wavulana wasiopungua 28. Wazazi walikwenda polisi, wakaambiwa watoto wao wametoroka nyumbani. Hakuna mpelelezi aliyemfikia Corll; alipigwa risasi na mmoja wa wasaidizi wake Agosti 1973, ndipo makaburi yakajulikana.

Samuel Little ni mbaya zaidi. Alikiri kuua watu 93 kati ya 1970 na 2005, na FBI inamhesabu kuwa muuaji wa mfululizo mwenye wahanga wengi kuliko wote katika historia ya Marekani. Wengi wao walikuwa wanawake weusi maskini, baadhi wakifanya biashara ya ngono au wakitumia dawa za kulevya. Vifo kadhaa viliandikwa kuwa ni ajali au kuzidisha dawa, jalada likafungwa. Alikamatwa mara nyingi katika majimbo mbalimbali, akawa anaachiwa. Hukumu ya mauaji aliipata mwaka 2014, akiwa na miaka 74.

Akiwa gerezani Little alichora kwa kumbukumbu nyuso za aliowaua, na FBI ikazisambaza hadharani ili ndugu wazitambue. Wapo waliochukizwa, maana ni mkono wa muuaji. Mimi naona walifanya sawa, kwa kuwa safari hiyo aliyetangazwa alikuwa aliyeuawa.

Ndivyo ilivyofanyika pia Chicago. John Wayne Gacy aliua vijana 33, na baadhi walizikwa bila majina. Mwaka 2011 mkuu wa polisi wa Cook County, Tom Dart, aliziomba familia zilizopotelewa na vijana wa kiume miaka ile zilete sampuli za DNA. Kufikia 2021 watatu walikuwa wametambuliwa. Katika msako huohuo walipatikana pia wanaume kadhaa ambao ndugu zao walidhani waliuawa na Gacy, kumbe wako hai.