Mizunguko Saba na Moka Mpya

Naandika haya miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, na asiniulize mtu Roma ikoje.

Mashemeji mnawajua. Wangu amekaa Italia mpaka anaongea kwa mikono. Asubuhi akasema twende Circo Massimo, uwanja ambamo Warumi walikuwa wakishindanisha magari ya farasi. Watazamaji zaidi ya 150,000! Nikapiga hesabu: Uwanja wa Mkapa mara mbili na nusu. Nikavaa moka mpya, nikachomekea. Mjumbe wa nyumba kumi haendi pahala pa namna hiyo na ndala.

Tukashuka kwenye treni, tukavuka barabara, shemeji akanyoosha mkono: "Ndiyo huu."

Majani. Bonde refu la majani makavu, vumbi katikati, mbwa watatu, na kijana kalala kifudifudi bila shati. Mawe yamebaki kidogo kule mwisho, pembeni ya mnara ambao hata si wa Warumi, ulijengwa baadaye sana. Nguzo mbili za Misri zilizokuwa katikati zilifukuliwa mwaka 1587, Papa Sixtus V akaenda kuzisimamisha kwingine. Nikatuma picha kwenye kundi la ukoo. Baba mdogo akajibu: "Shamba zuri. Wanauza?"

Hapo ningerudi zangu. Lakini shemeji akasema mbio zilikuwa mizunguko saba, basi na sisi tuzunguke saba, tuiheshimu historia.

Wa kwanza nilikwenda mikono nyuma, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Uwanja una zaidi ya mita 600, na ukifika mwisho lazima urudi. Wa pili akaanza kusimulia: timu zilikuwa nne, nyekundu, nyeupe, buluu na kijani, na Kaisari Caligula alikuwa kijani damu. Nikasimama. Kijani? Mimi mtu wa Msimbazi niumie miguu kwa ajili ya Yanga wa kale? Tulia shem, akasema, kuna Diocles, kashinda mbio 1,462: alianza nyeupe, akapita kijani, akatulia nyekundu. Huyo alikuwa na akili. Nikaendelea.

Wa tatu, moka ya kulia ikaanza kunichuna kisigino. Warumi walihesabu mizunguko kwa mayai saba na sanamu saba za pomboo. Shemeji anahesabu kichwani.

"Huu wa tatu."

"Wa nne!"

"Wa tatu, shem. Ule mmoja ulisimama kupiga picha, hauhesabiki."

Picha moja! Nikafoka mbele ya Waitaliano kama abiria aliyedhulumiwa chenji. Yule kijana akaamka, akavaa shati. Waendesha magari wale walijifunga hatamu kiunoni, lakini walibeba na kisu cha kuzikata wakianguka. Mimi hatamu yangu ni dada yake, na kisu sina.

Tukaishia wa tano, kwake wa nne. Tukaingia mgahawani, nikavuta kiti. Akaniwahi: "Usikae! Ukikaa, kahawa inapanda bei."

Kikombe chenyewe kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Nikainywa nimesimama, moka moja mkononi. Kariakoo kahawa unapewa na benchi, kashata iko pembeni, na wa kubishana naye hakosekani.

Halafu chumvi aliyonipa ni ile laini ya mezani. Sijui kama miguuni inafanya kazi.